Tom Mboya: Barua ya chuo iko mkononi, nauli haiko

Ikiwa wewe ndiwe wa kwanza kwenu kuitwa chuo kikuu, bila shaka unakijua kile kipindi. Ujumbe umeingia kwenye simu, mama amepiga vigelegele, majirani wamekuja kukupa mkono, na hata yule mjomba asiyepigaga simu amepiga. Halafu wiki zinaanza kupita. Fomu ya daktari haijajazwa. Ombi la mkopo limekwama kwa sababu kuna stakabadhi ya mzazi inayotakiwa na hakuna anayejua ilipo. Tarehe ya kuripoti inakaribia, na nyumbani hakuna hata mmoja unayeweza kumuuliza, maana hakuna aliyewahi kupita njia hiyo.

Namjua kijana mmoja wa kijijini kwetu aliyepata nafasi kama hiyo. Barua aliiweka ndani ya Biblia ya nyanya yake isije ikakunjika. Hakuwahi kuripoti. Wala si kwamba alikataa chuo, la. Siku zilimpita tu: leo anangoja pesa za mahindi, kesho anangoja chifu arudi ofisini, na mlango ukafungwa. Siku hizi anaendesha boda, na sisemi boda ni aibu. Lakini barua bado imo mle ndani ya Biblia.

Kwa sababu yake nataka nikusimulie habari za Tom Mboya. Najua ushamsoma darasani: mtetezi wa wafanyakazi, waziri, mwanasiasa aliyepigwa risasi jijini Nairobi mwaka 1969. Hayo yote ni kweli. Lakini mimi namkumbuka zaidi kama mtu aliyekaa na rundo la barua za vijana waliokuwa wamekubaliwa vyuoni na hawana namna ya kufika, akaamua kwamba hilo ni jukumu lake.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 karibu na mlima Kilimambogo, upande wa Thika, ndani ya shamba la mkonge la mzungu. Kwao hasa ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa ameajiriwa pale shambani. Kwa hivyo Mboya alikua akisikia Kikamba, Kikuyu na Kiswahili pamoja na lugha ya kwao, jambo lililokuja kumfaa sana alipoingia siasa za Nairobi, mji wa watu wa kila pembe.

Shule alianzia Kabaa, misheni ya Kikatoliki huko Ukambani. Msidhani kulikuwa na madaftari. Watoto waliandika herufi mchangani kwa kidole, mwalimu akapita kusahihisha. Mwaka 1942 akapelekwa St Mary's Yala, na mwaka 1946 akaingia Holy Ghost College, ile ambayo leo tunaiita Mang'u. Hapo alikuwa amefika mbali kuliko alivyotarajia mfanyakazi yeyote wa mkonge kwa mwanawe.

Kisha karo ikaisha.

Hebu tulia hapa kidogo, kwa sababu vitabu vya shule hupita haraka. Mboya hakufeli. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hodari wa midahalo. Ila mshahara wa baba haukutosha kumsukuma mbele, na nyuma yake kulikuwa na wadogo zake waliokuwa wakihitaji pia kusomeshwa. Akaondoka Mang'u. Mwaka 1948 akajiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya pale Jeanes School, Kabete, kwa sababu huko hakungemgharimu baba yake karo. Ndoto ya masomo ya juu ikawekwa kando na kijana wa miaka 18 aliyejua hesabu za nyumbani kwao.

Baada ya kufuzu alipata kazi katika baraza la jiji la Nairobi. Kuna kisa alichokieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1963, nami nakifupisha. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, mama mmoja wa kizungu akaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa. Mama yule akaangaza huku na kule, kisha akauliza kama hakuna mtu. Mboya amesimama mbele yake! Na mshahara nao ulikuwa vivyo hivyo: mkaguzi mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya alichopata mzungu kwa kazi ile ile.

Hapo ndipo alipoingilia mambo ya vyama vya wafanyakazi. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, vyama vya siasa vya Waafrika vimepigwa marufuku, viongozi wako kizuizini, na chama cha wafanyakazi kilikuwa mojawapo ya sehemu chache ambapo mwafrika angeweza kusimama na kusema. Mwaka 1953, akiwa na miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Mwaka 1955 wafanyakazi wa bandari walipogoma Mombasa, ni yeye aliyekwenda kuwapatanisha na waajiri, na wakarudi kazini wakiwa na nyongeza ya mshahara. Sitakaa sana hapo. Hayo utayapata kwenye kitabu chochote cha historia.

Ninachotaka ukione ni kilichofuata. Mwaka huo huo wa 1955 alipata ufadhili wa kusoma mwaka mmoja Ruskin College, mjini Oxford, Uingereza, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wazima wanaofanya kazi. Yule aliyekatizwa Mang'u akaketi hatimaye kwenye maktaba yenye vitabu vingi kuliko alivyowahi kuona. Na alifika kwa sababu kuna watu walioshika kila hatua: waliolipa ada, waliolipia safari, waliompokea. Mtu aliyewahi kukwama na baadaye akavushwa hujua ni wapi hasa daraja limevunjika.

Akitoka Oxford mwaka 1956 alipitia Marekani, akahutubia watu, na huko akafahamiana na mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya ndege aitwaye William Scheinman. Shika jina hilo, na ushike biashara yake pia.

Sasa tuangalie hali ya Kenya wakati huo. Chuo kikuu hakikuwepo nchini. Kulikuwa na Makerere kule Kampala, kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, na Royal Technical College iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1956 ikiwa na nafasi chache. Waliomaliza sekondari na kufaulu walikuwa wengi kuliko viti. Serikali ya mkoloni ilipeleka wachache Uingereza, ikatosheka. Wakati huo huo kila mtu alikuwa anajua uhuru unakuja, na swali la nani ataendesha ofisi, hospitali na shule siku bendera ikibadilishwa halikuwa na jibu.

Vijana hawakukaa kusubiri. Waliandika barua. Waliandika kwa vyuo vya Marekani ambavyo hawakuwahi kuviona hata kwa picha, wakatuma vyeti, wakangoja posta. Na majibu yakaja! Vyuo vingi, vingine vidogo sana vya miji midogo, vilikubali kuwapa nafasi, na baadhi vikaahidi kusamehe ada. Lakini jibu lilipofika Nyeri au Kisii au Machakos, ndipo shida ilipoanza. Tiketi ya ndege kutoka Nairobi hadi New York ilikuwa pesa ambazo mkulima hangezipata hata akiuza ng'ombe wote. Pasipoti ilikuwa mikononi mwa serikali ya mkoloni, ambayo haikuipenda elimu ya Marekani na ilisema wazi kwamba vyuo hivyo ni vya kiwango cha chini. Muhula wa Septemba haungoji mtu. Mwanafunzi aliyekubaliwa mwezi wa tano, kufika mwezi wa tisa alikuwa bado yuko shambani, na kiti chake huko ng'ambo kiko kitupu.

Barua nyingi kati ya hizo ziliishia mezani kwa Mboya na kwa wenzake wawili, Julius Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, ambao wote walikuwa wamesoma Marekani. Kufikia wakati huo Mboya alikuwa mbunge wa Nairobi katika baraza la kutunga sheria, tangu 1957, na Desemba 1958 aliongoza kikao cha mkutano mkuu wa watu wa Afrika kule Accra. Alikuwa na miaka 28. Mtu wa cheo hicho angeweza kusema anashughulikia uhuru, hana muda wa nauli za watoto wa watu.

Mwaka 1959 alikwenda tena Marekani. Kwa majuma kadhaa alizunguka kutoka jimbo hadi jimbo, akahutubia karibu mara 100 vyuoni, makanisani na kwenye mikutano ya wafanyakazi. Kila alipopita aliomba nafasi za masomo, akapata makumi ya ahadi. Alikutana na Martin Luther King kule Atlanta, naye pamoja na jumuiya yake wakajitolea kusaidia. Lakini Mboya alijua nafasi peke yake ni karatasi. Ndiyo maana yeye na Scheinman wakapiga hesabu ya kawaida kabisa, ile tunayoijua sote tuliowahi kukodi matatu ya kwenda mazishi: ukinunua tiketi moja moja utashindwa, ukikodi ndege nzima na kuijaza, kila kiti kinashuka bei. Kumbuka Scheinman ni mtu wa vipuri vya ndege. Hiyo dunia aliijua.

Wakaunda wakfu wa kusaidia wanafunzi wa Kiafrika, na ombi la mchango likatolewa na watu watatu waliokuwa na majina makubwa miongoni mwa Wamarekani weusi: Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi kwenye ligi kuu ya besiboli mwaka 1947, mwimbaji Harry Belafonte, na mwigizaji Sidney Poitier. Maelfu ya watu wa kawaida wakatuma kidogo walichokuwa nacho.

Huku nyumbani nako kazi ilikuwa moto. Kabla neno harambee halijawa wimbo wa taifa changa, wanavijiji walikuwa tayari wanaandaa karamu za chai ili kijana wao apate koti, viatu na pesa kidogo za mfukoni. Kuna familia zilizouza mifugo. Kiano, Njiiri na Mboya walipitia majina: nani ana barua kamili, nani ana ahadi ya ada, nani amebakisha nauli tu. Huyo wa mwisho ndiye waliyemtafuta. Kazi ya karani, kwa kweli. Kazi ya mafaili, mihuri na kuulizana pasipoti ya fulani imefika wapi.

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Wengi wao walikuwa hawajawahi kupanda ndege. Ilitua New York tarehe 9 Septemba. Na hapa kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko yote: hawakuachwa uwanjani kila mtu ajitafutie njia. Walipokelewa, wakapewa siku chache za maelekezo kuhusu nchi ile, kisha wakasambazwa kwenda vyuoni mwao. Mmoja wao alikuwa msichana aitwaye Pamela Odede, aliyekuwa anaelekea chuo cha wanawake cha Western, jimbo la Ohio. Januari 1962 Pamela na Mboya walifunga ndoa.

Mwaka uliofuata mambo yalikaribia kuharibika. Waliokuwa tayari kusafiri walikuwa wamezidi 200, na michango haikutosha. Wizara ya mambo ya nje ya Marekani iliombwa msaada ikakataa. Ikiwa imebaki miezi miwili tu muhula uanze, Mboya alisafiri tena, na tarehe 26 Julai 1960 akaenda Hyannis Port, pwani ya Massachusetts, nyumbani kwa seneta John F. Kennedy, ambaye siku hizo alikuwa anagombea urais. Alimweleza shida yenyewe: vijana wapo, viti vipo, ndege hakuna. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000.

Habari zilipowafikia watu wa Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy, ile wizara iliyokuwa imekataa ghafla ikapata pesa! Wakaanza kurushiana maneno bungeni, kila upande ukidai mwenzake ananunua kura za Wamarekani weusi kwa migongo ya wanafunzi wa Kenya. Pengine wote walikuwa na hesabu zao. Mboya alikubali zile za Kennedy, na ndege zikaruka.

Katika kundi hilo la 1960 alikuwemo msichana kutoka Nyeri aliyetoka kumaliza Loreto, Limuru. Mama yake hakuwa amesoma. Alifika New York, kisha akapanda basi na kusafiri kuvuka majimbo hadi mji mdogo wa Atchison, Kansas, kwenye chuo cha watawa cha Mount St. Scholastica. Mwaka 1964 alihitimu shahada ya biolojia. Unamjua kwa jina la Wangari Maathai.

Si wote waliofika walistarehe, na tusidanganyane. Ada ilikuwa imelipwa, lakini chakula, nguo za baridi na vitabu vilikuwa mzigo mwingine. Wapo waliofua sahani na kufagia mabweni ili wabaki darasani. Huku Kenya Mboya alilaumiwa pia. Maafisa wa kikoloni walisema anapeleka vijana wasioiva kwenye vyuo visivyofaa, na wengine wakanung'unika kwamba orodha ina upendeleo. Mtu akishika orodha ya nafasi chache katika nchi yenye wahitaji wengi, lawama haiwezi kukosa, na sidhani kila lawama ilikuwa ya uongo. Lakini ukihesabu kati ya 1959 na 1963, wanafunzi waliosafiri kwa mpango huo wanakadiriwa kuwa karibu 800. Walirudi wakawa walimu wa vyuo, madaktari, wahandisi, makatibu wa wizara, wabunge.

Jina jingine utakalolisikia hapa ni la Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani. Watu husema alikuwa ndani ya ile ndege ya kwanza. Hapana. Alikwenda Hawaii mwaka huo huo wa 1959 kwa msaada wa wafadhili wengine, ingawa Mboya alikuwa anamjua vizuri. Nitarudi kwake.

Mboya alikuwa waziri wa kazi hata kabla ya uhuru, kisha wa sheria na katiba, na tangu 1964 wa mipango ya uchumi. Ile hati ya serikali ya mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, ambayo wanafunzi wa historia hukariri kwa nambari yake, Sessional Paper nambari 10, ilitoka wizarani kwake. Alikuwa na akili nyepesi, mavazi nadhifu, na maadui. Wengi walianza kumtaja kama mtu wa kumrithi Jomo Kenyatta, na katika siasa za wakati ule kutajwa hivyo kulikuwa hatari.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, aliingia duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, leo Moi Avenue. Dakika chache kabla, barabarani pale pale, alikuwa amekutana na yule Obama, aliyekuwa ameshamaliza masomo na kurudi nyumbani, wakasalimiana. Mboya alipotoka dukani alipigwa risasi. Alikuwa amebakisha wiki chache atimize miaka 39. Obama alisimama mahakamani kutoa ushahidi. Mtu mmoja, Nahashon Njenga Njoroge, alihukumiwa na kunyongwa, na tangu siku hiyo Wakenya wengi hawajaamini kwamba alipanga hayo peke yake. Mboya alizikwa Rusinga.

Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 2011 pale pale Moi Avenue, karibu na jengo la Archives, hatua chache kutoka alipoangukia. Wengi hupita bila kuinua macho, wakikimbilia matatu. Lakini ukipita asubuhi, msimu ule vyuo vinapofunguliwa, utawaona: kijana na sanduku, mzazi aliyevaa koti la Jumapili, bahasha ya kaki imeshikiliwa kwa mikono miwili, wanaulizia magari ya Njoro au Eldoret au Juja yanapakia wapi. Ukiwa na dakika mbili, waelekeze.